Konzo: Historia ya Ulemavu wa Miguu katika Nchi za Muhogo Mchungu

Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli alichapisha taarifa kuhusu ugonjwa uliokuwa ukiwalemaza miguu wakazi wa Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Mtu alilala mzima, akaamka hawezi kusimama. Aliyejaliwa kuinuka alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakibanana. Wayaka waliuita konzo, jina la hirizi ya wawindaji iliyosadikiwa kudhoofisha miguu ya paa, na ambalo hubeba picha ya miguu iliyofungwa. Picha hiyo ilikuwa sahihi kuliko neno “kupooza” lililotumiwa na madaktari wengi, kwa kuwa miguu ya mgonjwa haikulegea, bali ilikakamaa.

Tofauti hiyo si ndogo. Amri ya kutembea hupokezanwa na neva mbili. Ya kwanza huanzia kwenye gamba la ubongo na kushuka ndani ya ugwe wa mgongo, uzi laini unaolindwa na pingili za uti wa mgongo. Ya pili huanzia kwenye ugwe wenyewe, hutoka kupitia mojawapo ya jozi 31 za neva za mgongo, ikafika kwenye msuli. Polio huharibu ya pili: msuli hunywea, na goti likigongwa kwa nyundo ya daktari mguu hautikisiki. Konzo huharibu ya kwanza, na goti likigongwa mguu huruka kupita kiasi. Hisia za ngozi hubaki, na mgonjwa huendelea kuuzuia mkojo wake. Ulemavu hauzidi, lakini pia haupoi.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walilemaa kwa namna hiyo katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ambako ugonjwa uliitwa mantakassa. Daktari Msweden Hans Rosling, aliyekuwa akihudumu Nacala, aliungana na wachunguzi wengine. Mwanzoni alihofia ugonjwa wa kuambukiza, na kiongozi wa mji alipouliza kama barabara ifungwe, hakumzuia. Miaka mingi baadaye Rosling alisimulia kitabuni kwamba wanawake waliotaka kwenda sokoni, baada ya kukosa basi, walipanda mashua pamoja na watoto wao. Mashua ikapinduka, nao wakazama. Hakukuwa na maambukizi yoyote ya kuzuia. Hilo linastahili kukumbukwa na kila mshauri anayeombwa jibu la haraka kabla ya uchunguzi kukamilika.

Chanzo kilikuwa chakula. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo huachia sayanidi mmea unapopondwa au kuvundikwa. Mwili huigeuza sehemu kubwa ya sumu hiyo kuwa thiosayaneti, lakini kazi hiyo huhitaji salfa inayopatikana katika protini za samaki, nyama na kunde. Njaa hugonga pande zote mbili: hufupisha maandalizi ya muhogo na huondoa kitoweo. Wanaopigwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1985 ukame ulileta mlipuko mwingine wilayani Tarime, Tanzania. Watafiti, akiwamo Mtanzania Nicholas Mlingi, walichunguza wagonjwa 39, na katika makala yao ya mwaka 1990 wakapendekeza ugonjwa huu ujulikane kila mahali kwa jina la konzo. Ni nadra jina la wanakijiji kushinda istilahi za Kilatini.

Hata hivyo, somo zito zaidi limetoka Kongo kwenyewe, na halihusu ukame. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991, wakati nchi ikiitwa Zaire, ulionyesha kwamba huko Bandundu konzo iliongezeka kuanzia mwaka 1974, barabara mpya ya lami kwenda Kinshasa ilipokamilika. Muhogo ukawa zao la biashara, malori yakawa yanangoja, na siku za kuuloweka zikapunguzwa. Kwa mizani ya uchumi barabara ile ilikuwa mafanikio: mauzo yalipanda. Mizani hiyo haikupima mkojo wa watoto, ambamo thiosayaneti ingeonekana. Kusema kwamba wanawake wa Bandundu hawakujua kuandaa muhogo ni kuwaonea. Walijua tangu zamani. Walichopungukiwa ni siku.

Mwaka 1991 kiwango cha kimataifa cha sayanidi katika unga wa muhogo kiliwekwa kuwa miligramu 10 kwa kilo, na mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa vigezo vya kuitambua konzo. Kiwango hicho, bila mkaguzi wala maabara vijijini, hakikumlinda mtu. Kilichosaidia ni njia iliyobuniwa Australia na Howard Bradbury: unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha hupikwa siku hiyohiyo. Ilipofundishwa kwa wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge, katika eneo la Popokabaka, kati ya 2010 na 2011, hakuna mgonjwa mpya aliyepatikana. Kwa waliolemaa kabla ya hapo, tiba imebaki kuwa magongo, mazoezi ya viungo na, kwa baadhi yao, upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino.