Mtafiti "amenukuliwa mara elfu mbili": maana yake nini?

Katika vipindi vya kilimo na afya, mtaalamu hutambulishwa mara nyingi kwa sifa kama hizi: ameandika makala 60, na kazi zake zimenukuliwa mara elfu mbili. Msikilizaji anayepima kama afuate ushauri wa mtu huyo kuhusu mbegu au chanjo anahitaji kujua hesabu hizo zinapima nini hasa.

Mtafiti akimaliza kazi yake huiandika kama makala na kuipeleka kwenye jarida la kitaalamu. Kwa kawaida wataalamu wengine wa fani hiyo huisoma na kuikosoa kwanza, ndipo jarida huamua kuichapisha au kuikataa. Baadaye, mtafiti mwingine akiitumia makala hiyo, hutakiwa kuitaja katika orodha ya marejeo yake. Kutajwa huko ndiko kunakohesabiwa kuwa nukuu. Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha faharasa kubwa ya nukuu za sayansi mwaka 1964. Siku hizi kompyuta ndizo zinazohesabu.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Chukua mtafiti mwenye makala tano, zilizonukuliwa mara 10, 6, 4, 3 na 1. Anazo makala tatu ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara tatu, lakini hana nne zilizofikia nne. Basi h yake ni 3. Mtu mwenye h ya 40 anazo makala 40 zilizonukuliwa angalau mara 40 kila moja, na hilo si jambo dogo.

Hata hivyo usimlinganishe daktari na mtaalamu wa hisabati kwa namba hiyo. Watafiti wa tiba ni wengi na hutajana sana. Wa hisabati ni wachache. Kijana naye hawezi kulingana na mzee aliyeandika kwa miaka 30.

Mfano mzuri unatoka hapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akalichukulia kwa uzito na kulifanyia majaribio. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza.

Kwa makala hiyo moja h ya Mpemba haiwezi kuzidi 1, hata inukuliwe mara milioni. Lakini wanafizikia duniani kote wanaliita jambo hilo kwa jina lake, na mwaka 2016 bado wapo waliochapisha makala wakihoji kama kweli linatokea. Kipimo hiki hakina mahali pa kuandika hilo.

Upande wa pili ni hatari zaidi. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet makala kuhusu watoto 12 tu, wakihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Wazazi wengi Uingereza waliacha kuwachanja watoto, na surua ikarudi. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na Wakefield akafutwa katika rejista ya madaktari. Imenukuliwa zaidi ya mara elfu moja, nyingi zikiwa za kuipinga. Mashine inayohesabu haitofautishi sifa na lawama.

Ukitaka kuangalia mwenyewe, Google Scholar hufunguka kwenye simu bila malipo zaidi ya bando lako. Andika jina la mtafiti pamoja na fani yake, kwa sababu akina Juma na Mushi ni wengi. Chini ya kila makala utaona namba ya nukuu. Fungua mbili tatu za wanaomtaja, usome wanasema nini. Na ukikuta kichwa cha makala kimetanguliwa na neno RETRACTED, ujue jarida lenyewe limeiondoa.