Kaloleni Yetu, Wageni wa Nani?
Ukingoja adhana ya magharibi hapa Kaloleni, hebu jiulize: wazee wetu walifikaje Kisumu? Wapo waliotoka Pwani na misafara iliyopitia Mumias, wapo waliokuja na reli, iliyofika ziwani mwaka 1901. Na wakati huo, amini usiamini, Kisumu ilihesabiwa Uganda! Ilihamishiwa upande huu 1902. Wakaoana na Wajaluo. Ndiyo maana nyumba nyingine watoto huamshwa daku kwa Kiswahili na kugombezwa kwa Kijaluo. Riziki ilikuwa stesheni, bandarini na biashara ndogondogo. Reli ilipofika Kampala 1931, mizigo ya meli ikapungua. Eti bado wapo wanaotuita wageni. Tangu uchaguzi wa 2013 wadi yetu ni Shaurimoyo Kaloleni, Kisumu ya Kati. Je, wewe umejiandikisha kura?