Nia Iliyo Ng'ambo

Mkulima wa miwa wa Ruhembe akitaka kwenda Kidatu huvuka mto Ruaha Mkuu. Huku ni wilaya ya Kilosa, kule ni ya Kilombero, na viwanda vya sukari viko kingo zote mbili: Ruhembe huku, Msolwa kule. Mtu wa huku akisema "ng'ambo", haulizwi wapi.

Ndiyo maana naamini neno la Kiingereza "ulterior" lingeeleweka upesi Ruhembe. Asili yake ni Kilatini, na mwanzoni lilitaja mahali tu: palipo ng'ambo zaidi. Warumi walipoigawa Hispania mwaka 197 KK, jimbo lililokuwa karibu nao waliliita Citerior, la mbali wakaliita Ulterior. Hapakuwa na hila yoyote. Neno likaingia Kiingereza katika karne ya 17 likiwa na umbali huo huo, kisha umbali ukahamia moyoni: "ulterior motive" ni nia iliyo ng'ambo ya ile iliyotamkwa.

Hapo tafsiri zetu nyingi huteleza. Tunaandika "nia ya siri", au "ajenda ya siri". Lakini siri peke yake si hila. Mgonjwa na daktari wake wana siri. Na ajenda ni mambo ya kutendwa, shughuli ya kikao. Katika "ulterior motive" pana nia mbili, moja ikiwa kifuniko cha nyingine.

Chukulia mgeni anasimama kwenye mkutano wa kijiji, anaahidi kisima. Makofi. Kikao kinafika kwenye "mengineyo", jua limeshuka, akina mama wameshaondoka kuwahi kupika, ndipo anapoomba ekari kadhaa kando ya mto. Mzee aliyebaki kwenye benchi anamwinamia jirani yake: "Nilikwambia, huyu ana lake jambo."

Kwa mazungumzo, hakuna tafsiri inayoipita hiyo "ana lake jambo". Kwa maandishi, panapohitajika jina, mimi nachagua "nia fiche": ni fupi, na ndani ya "fiche" tunasikia kwamba yupo aliyeificha.

Nanyi makatibu wa vijiji, ombi la ardhi lipeni namba yake kwenye ajenda, lisingoje mengineyo, watu wakiwa wameshaondoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.