Karanga za Saa Mbili

Wazazi wenzangu, mkitaka kupima heshima yenu, wapelekeni vijana wenu sinema. Mimi nilijipima Dar es Salaam mwaka 1988, nikapata alama za chini.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilianza kuipata mwaka 1994. Starehe ya Jumamosi ilikuwa sinema, na familia nyingi zilipenda ile ya Drive-in, iliyofunguliwa mwaka 1966. Gari liliegeshwa kuelekea ukuta mkubwa mweupe, kipaza sauti kikatundikwa dirishani, watu wakatazama huku wakitafuna.

Niliazima pikapu ya mwalimu mwenzangu, nikampakia binti yangu wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume wa miaka 13. Ilionyeshwa Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975. Kwa kuwa hatukijui Kihindi, niliona ni wajibu wangu kufafanua. Majambazi walipotokea nilisema, "Mnaona matokeo ya uvivu?" Marafiki wawili walipoimba juu ya pikipiki nikasema, "Huo ndio ushirikiano." Nusu saa haijafika, binti akaomba ruhusa akanunue karanga. Mdogo wake akaomba kumsindikiza.

Karanga hizo zilichukua saa mbili. Nilipowafuata, niliwakuta wameketi chini na vijana wenzao, mbali na kipaza sauti chochote. Kila mmoja alikuwa akiwatungia wachezaji maneno, na wote mbavu hawana.

Nilikwisha kuiandaa hotuba yangu ya paredi. Binti akaniwahi: "Baba, si ulituambia na wewe ulikuwa ukitazama kutoka nje ya ua, husikii kitu?"

Kweli, niliwaambia. Mwaka ule wa 1966 nilikuwa na miaka 15, na kiingilio sina. Tulisimama gizani nje ya ua, tukatazama filamu bila sauti, kisha tukabishana njia nzima nani alisema nini. Hakuna mwalimu aliyetusahihisha. Kumbe ndivyo tulivyozifanya filamu za wageni kuwa zetu, nami sasa nilikuwa nikiwanyang'anya wanangu haki hiyo hiyo.

Nikaimeza hotuba, nikaketi chini pamoja nao. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha mwanangu akanisogezea karanga. Mmoja wa wale marafiki wawili alipokufa, tulinyamaza sote, na hakuna aliyehitaji ufafanuzi.

Video na televisheni ziliwapunguza watazamaji wa sinema zetu. Ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa pale pale ilipokuwa Drive-in, ukafunguliwa mwaka 2003. Ua wa siku hizi si wa kuchungulia.

Siku hizi huwapeleka wajukuu sinema, na hujitahidi kutofafanua. Huweza kwa dakika tano hivi.