Karabai za Makoko na moto wa Kigamboni

Wadau, anayeifahamu Makoko yetu hapa Musoma anajua wavuvi wa dagaa walivyoliwasha ziwa kwa karabai usiku wa giza. Siku hizi wengi wamehamia taa za betri na sola, ila enzi zile karabai ilikuwa inakunywa mafuta ya taa. Na mafuta hayo yaliteketeza mafuta mengine kabla hayajafika huku.

Toka 1966 tulikuwa na mtambo wetu wa kusafisha mafuta ghafi, TIPER ya Kigamboni, ubia wa serikali na Waitaliano wa ENI. Kenya walitangulia na wa Mombasa, 1963. Kazi yenyewe ni kupika tu. Mafuta ghafi yanapashwa hadi nyuzi 350 hivi, yanaingia mnarani, petroli, mafuta ya taa na dizeli vinatengana. Vyote vinatoka vya moto na lazima vipozwe. Yaani huku unachoma mafuta upashe, kule unahangaika kupoza! Dawa ni vibadilisha joto: dizeli ya moto ipite bomba hili, mafuta ghafi ya baridi yapite pembeni yake, vipeane joto bila kuchanganyika.

Lakini kila kibadilisha joto ni chuma, na chuma ni pesa. Miaka ya 1960 pipa lilikuwa dola 2 hivi, kwa hiyo mhandisi wa wakati ule, popote duniani, hakuona haja ya kuweka vingi. Ikaja vita ya Oktoba 1973, na Januari 1974 bei ikapita dola 11. Mtambo uliochorwa kwa bei ya dola 2 ukabaki na mchoro wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bodo Linnhoff na John Flower wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, wakaonyesha kwamba unaweza kukokotoa moto mdogo kabisa unaohitajika kabla hujachora hata bomba moja. Panga vinavyopoa huku na vinavyopashwa kule. Kuna nyuzi fulani ambapo pande hizo zinabanana kama watu mlangoni. Ukivusha joto toka juu ya mlango kwenda chini yake unalipa mara mbili, kwenye tanuru na kwenye kupoza.

Hesabu tamu, ila ilitukuta hoi. Miaka ya 1980 dola za kununulia mafuta zenyewe hatuna, magari binafsi yanazuiwa Jumapili mchana, nani angenunua vyuma vipya? TIPER iliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ikabaki na matangi. Sisemi joto ndilo lililoiua, biashara ya mafuta ilikuwa imebadilika. Mombasa nao wakazima 2013.

Machi 2025 Uganda ilisaini na kampuni ya Falme za Kiarabu kujenga mtambo Hoima, mapipa 60,000 kwa siku. Siasa zake zinaandikwa sana. Mimi natamani kuona mchoro wa mabomba.