Dawa kuvuka Busia: Kituo ni kimoja, vibali bado ni viwili

Mfanyabiashara wa Tororo au Sop Sop anayenunua katoni ya dawa za kuandikiwa na daktari upande wa Kenya, kwa kuwa bei imemvutia, huulizwa jambo moja mpakani: dawa hiyo imesajiliwa Uganda? Kama haijasajiliwa, risiti ya duka haimsaidii.

Uganda mwenye uamuzi ni Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA), iliyoundwa kwa sheria ya 1993. Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu (PPB). Kila moja ina daftari lake la usajili. Mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili, uliozinduliwa 2012, huwakutanisha wataalamu kukagua dawa pamoja, lakini kibali cha kuuza hutolewa na kila nchi.

Anayeagiza ili auze awe na leseni ya kuingiza dawa, kisha apate kibali cha kila shehena kabla mzigo haujaondoka. Wanaoingiza Kenya huomba kupitia mfumo wa mtandao wa KenTrade. Morfini na dawa nyingine za kulevya ni ngumu zaidi: chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, nchi inayouza nayo hutoa kibali chake.

Wengi walichanganywa na kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi 2018. Ni kweli gari husimama mara moja tu, katika nchi linakoingia. Kilichopungua ni foleni, si vibali. Hali ni hiyo hiyo kwa utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000: unamfaa mwenye mahindi na maharage, haumwondolei mwenye dawa kibali.

Msafirishaji asidhani hayamhusu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa chombo kilichobeba magendo, iwe lori au boda boda, usafiri uliopata jina lake papa hapa mpakani. Asiguse kabisa katoni zenye chapa ya serikali ya Uganda ya kukataza kuuzwa. Hizo ni mali ya hospitali za umma.

Mgonjwa anayevuka na dawa zake mwenyewe abebe karatasi ya daktari, dawa zikiwa ndani ya pakiti zake, kiasi cha matibabu yake tu.