Kampala: Jinsi ya kulinda taarifa na kompyuta dhidi ya wezi wa mtandao

Biashara ya kuvuka mpaka inayopitia Kampala inategemea simu na kompyuta. Tamko la forodha hujazwa kwenye mtandao wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Ankara za bidhaa kutoka Dubai au Guangzhou huja kwa barua pepe. Dereva aliyekwama Malaba hutumiwa fedha za njiani kwa simu.

Kwa sababu hiyo, mwizi hana haja ya kuvunja duka Kikuubo. Anatafuta funguo tatu: namba ya siri ya simu, neno la siri la barua pepe na kompyuta yenye taarifa za biashara. Mara nyingi funguo hizo hutolewa na mwenyewe bila kujua.

Mifano kutoka Uganda

Mwaka 2013, Mahakama Kuu mjini Kampala, kitengo cha kupambana na rushwa, iliwatia hatiani watu walioingia bila idhini katika mfumo wa kompyuta wa forodha wa URA. Serikali ilipoteza kodi ya zaidi ya shilingi bilioni 2.

Oktoba 2020, benki ya Stanbic pamoja na kampuni za simu za MTN na Airtel zilitangaza kwamba kampuni inayounganisha huduma zao ilikuwa imepata hitilafu ya mfumo. Huduma ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu ilisimamishwa kwa muda. Novemba 2024, serikali ililithibitishia Bunge kwamba akaunti za Benki Kuu ya Uganda ziliingiliwa na wezi wa mtandao.

Ikiwa taasisi kubwa kama hizo zimeingiliwa, mfanyabiashara mdogo hawezi kuwaachia wengine kazi ya ulinzi.

Ankara yenye akaunti mpya

Huu ndio wizi unaoweza kumfilisi mwagizaji kwa siku moja. Mwizi hupata neno la siri la barua pepe ya mnunuzi au ya muuzaji, kisha hukaa kimya akisoma mazungumzo yao. Wakati wa malipo ukifika, hutuma ujumbe kwamba benki imebadilika na fedha zipelekwe kwenye akaunti nyingine. Ankara huwa na nembo ileile, bei ileile na hata jina la mtu yuleyule. Tofauti inaweza kuwa herufi moja tu katika anwani ya barua pepe.

Kinga yake ni kupiga simu. Kabla ya kulipa kwenye akaunti yoyote mpya, mnunuzi ampigie muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, wala asitumie namba iliyoandikwa kwenye ujumbe huo. Ikiwa jina la mwenye akaunti halilingani na jina la kampuni, au benki iko katika nchi nyingine, malipo yasimame hadi maelezo yapatikane. Fedha zikishafika benki ya ng'ambo na kutolewa, ni vigumu sana kuzirudisha.

Simu na laini

Namba ya siri ya fedha za simu haipewi mtu yeyote, awe wakala au anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Anayepokea ujumbe kwamba ametumiwa fedha kimakosa aangalie kwanza salio lake kwa kupiga *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel. Ujumbe wa maandishi unaweza kughushiwa, kwa hiyo salio ndilo la kuaminiwa.

Simu ikipoteza mtandao ghafla wakati simu za jirani zinafanya kazi, huenda laini imehamishiwa kadi nyingine. Mwenye laini aende mara moja kwenye ofisi ya kampuni yake ya simu akiwa na kitambulisho cha taifa.

Kompyuta ya ofisi

• Barua pepe na akaunti ya URA ziwe na maneno ya siri tofauti. Barua pepe iwekewe pia uthibitisho wa pili kwa simu.
• Programu ya kompyuta isasishwe. Windows 10, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi zilizotumika, iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tangu tarehe 14 Oktoba 2025.
• Programu za wizi zisitumike. Baadhi huja na virusi vinavyonakili kila kinachoandikwa.
• Nakala za hati ziwekwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe baada ya kazi.
• Kompyuta za mikahawa ya intaneti zisitumike kwa benki wala forodha. Anayechapisha pasipoti huko ahakikishe faili limefutwa.
• Mfanyakazi au wakala wa forodha akiondoka, maneno yote ya siri aliyokuwa nayo yabadilishwe siku hiyohiyo. Mzigo ukiingizwa kwa namba ya mlipa kodi ya mtu, yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.

Kwa wasafirishaji

Nakala za kadi ya gari, leseni na pasipoti ya dereva zinatosha kumwezesha tapeli kujifanya mwenye lori na kuchukua mzigo wa watu. Zisitumwe kwa mtu anayetangaza mzigo mtandaoni kabla ya kampuni yake kuhakikishwa. Anayedai ada kabla ya kutoa mzigo ashukiwe.

Tovuti za serikali hutambulika kwa mwisho wa anwani: .go.ug kwa Uganda, .go.ke kwa Kenya, .go.tz kwa Tanzania na .gov.rw kwa Rwanda.

Wizi ukitokea

1. Benki au kampuni ya simu ipigiwe simu mara moja na kuombwa izuie fedha.
2. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia kifaa kingine.
3. Ujumbe, ankara na risiti zisifutwe, kwa kuwa ni ushahidi.
4. Taarifa ipelekwe polisi na namba ya kumbukumbu ichukuliwe.
5. Wateja na wauzaji waonywe ili wasilipe kwa ankara za bandia.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inatoa adhabu ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa utapeli wa kielektroniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inazitaka kampuni zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda, na mwenye taarifa anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata hivyo, kesi huchukua muda mrefu na fedha hutolewa kwa dakika chache. Simu moja ya kuhakikisha kabla ya kulipa ni nafuu kuliko kesi.